Lori la Prokopi

Miaka yote ya udereva wake, Prokopi hakuwahi kuzima lori wakati wa baridi. Kwao mto ukishaganda ukawa barabara, injini hunguruma usiku na mchana. Ukithubutu kuizima, haiwaki tena mpaka theluji iyeyuke.

Msimu huu lori lilinguruma uani bila safari. Mapafu ya Prokopi yalikuwa yamekwisha, na daktari hakumficha: kiangazi hatakiona.

“Zima hilo dude, mzee,” alisema mkewe, Sargylana. “Linakunywa dizeli kama mlevi wa harusini, na haliendi kokote!”

“Nyamaza wewe! Kesho napeleka unga huko juu.”

“Hiyo kesho yako naisikia tangu mto ugande.”

Prokopi alikohoa mpaka machozi yakamtoka. Kisha akavaa koti lake la manyoya, akatoka akijishikilia ukutani, akapanda kwa taabu. Alikaa kidogo, mikono kwenye usukani. Akazima.

Aliposhuka, Sargylana alikuwa mlangoni, analia.

“Washa, mume wangu. Nilikuwa nasema tu. Washa, bado ina moto.”

Prokopi akamtia ufunguo kiganjani.

“Mto ukiyeyuka litawaka,” alisema. “Utaliuza.”