Skuta ya Boksi na Mtani Aliyekuwa Kazini

Sikuwa najua kuendesha baiskeli. Jambo hili nililikana tangu nilipopata akili ya kukana, na katika mji kama Tabora, ambako hata mchungaji na mganga wa kienyeji hupishana kila mmoja akiwa juu ya baiskeli yake, kukana kunataka kipaji. Nilipokuwa binti nilisema mgongo unaniuma. Chuoni nilisema baiskeli haipatani na sketi. Nilipopata kazi nikasema napenda kutembea, kwa kuwa mtu akitembea ndipo anapofikiri, na watu wakaniamini. Mtu akishaitwa msomi huruhusiwa mambo mengi ya kijinga. Aliyejua ukweli ni kaka yangu peke yake. Ndiye aliyejaribu kunifundisha, na baiskeli niliyoiingiza kwenye shimo la taka la jirani ilikuwa yake.

Kwa hiyo siku niliposema mbele yake na mbele ya mama kwamba nitanunua skuta, kaka alicheka mpaka akashika ukuta.

Tulikuwa kijijini Ntalikwa, nyumbani kwa mama. Mvua zikiwa zimekolea, mama alikuwa ameteleza jikoni, akakaa sakafuni asubuhi nzima hadi jirani alipokuja kurudisha ungo. Hakuvunjika popote. Lakini kaka, anayeishi Dar es Salaam, alipoisikia habari ile alipanda basi la kwanza, akaja na uamuzi wake tayari: mama ahamie kwake. Mama naye alikuwa na uamuzi wake tayari: hahami. Mimi, mtoto ninayeishi karibu, mjini Tabora, nikawekwa katikati kama shahidi.

"Wewe unakuja kumwona mama lini na lini?" kaka akaniuliza.

"Nikipata bodaboda."

"Na mvua ikinyesha?"

"Ikinyesha hawaji huku. Njia inateleza."

"Basi. Umejijibu mwenyewe."

Hapo ndipo neno skuta liliponitoka. Mama, aliyekuwa anachambua mboga kana kwamba tunamzungumzia mtu mwingine, akasema, "Mwache anunue." Kaka akaacha kucheka, akatoa masharti. Angerudi baada ya mavuno. Akikuta nina skuta yenye namba, naweza kufika Ntalikwa siku yoyote bila kumtegemea mtu, mama anabaki. Akikuta sina, mama anapanda gari na kuondoka naye. Tukashikana mikono. Hakuna aliyemuuliza mama kama masharti hayo ameyapenda, na mama hakujisumbua kutukumbusha.

Skuta zilizokwisha kuungwa zilinishinda bei. Nikapata kwa simu duka moja la Dar es Salaam lililoziuza zikiwa ndani ya boksi, vilevile zilivyoshushwa melini kutoka China. Muuzaji alinitumia picha ya skuta nyekundu.

"Hiyo ni rahisi kwa sababu unaiunga mwenyewe, dada," alisema. "Ni kama kitanda tu."

Nimewahi kuunga kitanda. Mpaka leo kinalia.

Lori lililobeba boksi langu lilikuwa linakwenda Mwanza, kwa hiyo liliniachia mzigo Igunga na kuendelea na safari. Nikaufuata kwa basi, nikarudi nao ndani ya lori la mpunga, mimi mbele na boksi nyuma juu ya magunia. Njia nzima nilikuwa nikigeuka kulitazama. Chuoni niliandika tasnifu kuhusu misafara ya zamani, jinsi babu zetu Wanyamwezi walivyobeba pembe za ndovu hadi pwani na kurudi na vitambaa na shanga. Najua uzito wa mizigo ya watu waliokufa zamani. Mzigo wa kwangu mwenyewe kutoka pwani sikuwahi kuupokea, na nilishangaa kuona moyo unanidunda kama wa mtoto siku ya sikukuu.

"Mama, humo ndani kuna nini?" dereva aliniuliza.

"Skuta."

Akatazama kwenye kioo chake. "Mbona haina umbo la skuta?"

"Bado."

Tuliiunga uani kwangu, mimi na fundi baiskeli wa mtaani kwetu. Fundi ni Muha wa Kigoma, mtu mchangamfu. Hakuwahi kufungua skuta ya boksi maishani mwake, na hakuona sababu ya kulitangaza hilo. Katika hilo tulifanana. Mgawanyo wa kazi ulikuwa huu: mimi nasoma kijitabu, yeye anakaza. Kijitabu kilikuwa kwa Kiingereza kilichopitia lugha nyingine njiani na kuchoka. Sentensi moja, nilivyoitafsiri mimi, ilisema: kaza kwa upole mpaka chuma kiridhike.

"Kimeridhika?" nikawa namuuliza.

"Bado kinanung'unika, dada."

Kila kipande kilikuwa kimevishwa nailoni yake, kama maharusi. Kwenye gundi ya utepe mmoja ulikuwa umenasa unywele mrefu, mweusi, ulionyooka. Niliushika juani nikautazama kwa muda. Mahali fulani ambapo sitafika kamwe, mtu alikuwa ameinama juu ya usukani huu, anaufunga, labda anawaza mama yake. Kwenye grisi ya gurudumu la nyuma kulikuwa na alama ya dole gumba. Fundi aliifuta kwa tambara kabla sijamaliza kuistaajabia.

Mwishoni zilibaki nati kadhaa na bolti.

"Na hizi je?"

"Hizo ni akiba."

"Kiwandani wanaweka akiba?"

"Wale watu wakarimu, dada. Weka kabatini."

Kilichotusumbua ni bamba la plastiki la kukanyagia. Lilikataa kabisa kukaa. Kijitabu kilikuwa na mchoro, lakini tulipougeuza mchoro bamba likakataa upande wa pili pia. Fundi akachoka kubembeleza. Akatoboa matundu mapya, akaligonga kwa ribiti, zile pini za chuma zisizofunguka, pande zote mpaka likatulia, nami nikampigia makofi. Alipowasha injini ikalia kama cherehani ya umeme. Tukatazamana kama watu waliomfufua mtu.

Kujifunza kuiendesha sitakuelezea kirefu. Nilipata leseni ya kujifunzia, nikaomba uwanja wa shule Jumapili mchana, na fundi akawa anakimbia nyuma yangu ameshika keria. Kumbe usawa ni jambo la kutazama mbali. Kwa miaka yote ile nilikuwa natazama gurudumu. Nikashangaa kwamba kitu kidogo hivyo kilikuwa kimenificha nusu ya maisha yangu, nikazunguka uwanja hadi fundi akakaa chini na kuniachia.

Siku ya ukaguzi wa usajili tuliisukuma, kwa kuwa bila namba hairuhusiwi barabarani. Mkaguzi alikuwa mwanamume wa makamo mwenye miwani, na watu walikuwa wamejipanga na pikipiki zao kivulini. Akaniuliza nyumbani ni wapi. Nikasema hapahapa, mimi Mnyamwezi. Akavua miwani.

"Ala! Mtani wangu! Mimi Mzaramo."

Kwa asiyejua, Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, tangu watu wetu walipokuwa wakifika kwao wamechoka, wana njaa na wana mali. Mtani wako anakutukana mbele za watu, nawe unacheka. Anaweza kuchukua kitu chako na kukishikilia hadi umkomboe kwa kuku. Hata ukifiwa, yeye ndiye mwenye ruhusa ya kukuchekesha msibani. Katika tasnifu yangu kuna sura nzima kuhusu utani, sura ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuniomba niitumie. Nikaona siku yake imefika.

Mkaguzi aliizunguka skuta, akachuchumaa, akaligongagonga lile bamba la kukanyagia.

"Mnyamwezi, nani kakufungia mzigo huu?"

"Sisi hatufungi, tunabeba. Kazi ya kufunga ilikuwa yenu, lakini mlikuwa mmelala, mmeshiba nazi."

Foleni nzima ikacheka. Naye akacheka.

"Hii sipitishi. Irudishe nyumbani kwako, ulifungue bamba hili lote, uniletee niione mifupa."

"Mifupa ya nini, umefuga mbwa?"

"Nasema kweli, Mnyamwezi. Bila mifupa hakuna namba."

"Na mimi nasema kweli, Mzaramo. Nenda kacheze mdundiko wako, namba nitaifuata Ijumaa."

Alicheka hadi akafuta machozi, kisha akamwita aliyefuata. Nikaondoka nimejaa furaha ya mtu ambaye elimu yake hatimaye imemfaa.

"Dada," fundi akasema tulipokuwa tunasukuma kurudi, "mbona kama alisema tufungue?"

"Huo ni utani."

"Haya. Mimi Muha, ya kwenu siyajui."

Ijumaa nilikwenda. Kijana wa mapokezi akasema bado. Wiki iliyofuata, bado. Mahindi yalikuwa yanaingia ghalani, na kaka alikuwa ameanza kunipigia simu za salamu zisizo na salamu ndani yake: "Vipi, ina namba?" Nikakaa nikatafakari kisomi. Jibu likanijia lote kwa mpigo. Mtani ameshika mali yangu. Anangoja kukombolewa.

Nikanunua kuku. Jogoo mwekundu, nikamfunga miguu, nikaingia naye ofisini kwa mkaguzi kwapani, natabasamu.

"Mzaramo, nimekuja kukomboa mzigo wangu."

Mkaguzi alisimama ghafla hadi kiti kikaanguka.

"Mtoe huyo kuku! Mtoe nje! Dada, unataka nifukuzwe kazi?"

"Ni wa utani tu..."

"Mbele ya watu ataitwa utani? Mtu ana shida ya namba, anaingia na kuku kwa mkaguzi! Mtoe!"

Nikamtoa. Nikamfunga kwenye mti, nikarudi mikono mitupu, na kwa mara ya kwanza tukaongea kama watu wasio na mababu. Namba ya chesisi ya skuta, akanieleza, imechongwa kwenye chuma, chini ya pale pa kukanyagia. Kiwandani huacha kidirisha ili isomeke. Sisi tulikuwa tumeliweka bamba kinyume, tukaligonga ribiti, kidirisha kikaangukia pasipo na kitu. Asiyeiona namba hawezi kuthibitisha chombo ni cha nani.

"Nilikwambia mbele ya foleni nzima," alisema.

"Lakini ulikuwa unacheka."

"Nilicheka kwa sababu umenichekesha."

"Nikajua ni utani."

"Ulikuwa utani," akasema, akiinua kiti chake. "Na bamba lilikuwa limekaa vibaya."

Nimesoma vitabu vingi kuhusu utani. Hakuna kilichoniambia kwamba mtani naye anakwenda kazini.

Jioni ile fundi aling'oa ribiti zake moja moja, na chini ya bamba tukaikuta namba. Ilikuwa imechongwa vizuri sana, safi, haijaguswa na vumbi. Nilipitisha kidole juu yake kama mtu anayesoma kaburi. Kesho yake tukasukuma tena. Mkaguzi akamulika kwa tochi, akanakili, akapitisha. Kibao chenyewe, akasema, kitatengenezwa, kitafika wiki ijayo.

Kaka alifika Jumamosi, kwa gari la kuazima. Alisimama kwangu kwanza. Akaizunguka skuta kama mkaguzi wa pili.

"Namba iko wapi?"

"Imepita. Inakuja wiki ijayo."

"Na mama naye anakuja. Leo." Hakusema kwa ubaya. Alinishika bega. "Mdogo wangu, umejitahidi. Lakini tulikubaliana. Tutapita hapa kuaga."

Akaenda Ntalikwa. Mimi nikabaki uani na jogoo, ambaye sasa alikuwa wangu. Nilijaribu kumwona mama kwenye nyumba ya kaka, ghorofani, anatafuta pa kumwaga maji machafu. Nikajaribu kuiona nyumba ya Ntalikwa ikiwa na kufuli. Hiyo ilinishinda. Nilitazama barabara nikisubiri gari la kaka lirudi likiwa na kilemba cha mama kwenye kiti cha mbele.

Simu ikaita. Mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hiyo skuta ipo au haipo?"

"Ipo, mama. Ila kibao cha namba bado."

"Kinatoka lini?"

"Wiki ijayo."

Nikamsikia anageuka kutoka kwenye simu. "Wiki ijayo, kasema mwenyewe. Shusha hilo sanduku langu."

Kukawa na mikwaruzo, halafu sauti ya kaka, chini, kama anayeongea kanisani. "Umemfanyia nini mama?"

"Sijamfanyia kitu."

"Amewaambia wanakwaya wenzake wote kwamba utakuwa unampeleka ibadani na skuta. Wote. Wako hapa uani sasa hivi wamekaa, wananitazama. Anasema akipanda gari leo atakuwa amewadanganya, na yeye hajawahi kusema uongo kanisani."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nimeshusha sanduku." Akapumua. "Lakini utamwendesha polepole?"

"Polepole."

"Na kweli umejua? Niambie mimi."

"Nimejua, kaka."

Simu ilikuwa imeshanyang'anywa.

"Uje na kofia mbili," mama akasema. "Yangu iwe kubwa. Sivui kilemba."