Kuku wa Chupa ya Chai

Nyumbani kwangu, mtaa wa Ng'ambo, chupa ya chai huvaa kuku. Ni kuku mwekundu wa uzi, mwenye kishungi cha njano, macho ya vifungo vya shati, na mwili mpana unaoifunika chupa yote mpaka chini. Anayetaka chai humnyanyua kuku kwanza. Huyu aliyepo sasa ni wa pili. Wa kwanza alihamia Goweko, na habari ya kuhama kwake ndiyo ninayoiandika hapa.

Mimi ni fundi, nalisema hilo bila kuona haya. Mtaani kwetu wanawake wengi hufuma vitambaa vya makochi, vyeupe, vya maua au samaki wawili wanaotazamana. Hata mimi nilianzia huko, kwa sindano ya kroshia iliyochongwa kutoka kwenye spoku ya baiskeli, aliyonirithisha mama. Lakini vitambaa vilinichosha mapema. Nikianza ua, likifika katikati naliona linataka kuwa na miguu, nami nalitia miguu. Ndivyo walivyozaliwa nyuki waliovaa soksi, maembe yenye kope ndefu, na punda wenye mizigo mgongoni na sura za kuchoka. Wapo waliokuwa wakiniuliza vitu hivi vina kazi gani. Niliwajibu kwamba kazi yake ni kukaa hapo na kumchekesha aliyenuna. Desemba ikikaribia hao hao ndio wanaonitumia picha kwa simu, mmoja anataka nyota, mwingine malaika mnene wa kuning'iniza mlangoni, na wote wanataka kesho.

Baba yangu hakuwahi kuwa mmoja wao. Yeye ni mkulima wa tumbaku wa Goweko, mtu wa jembe na bani, yaani lile banda la kukaushia tumbaku kwa moto. Alipokuja mjini kututembelea alimnyanyua kuku kwa vidole viwili, akamweka kando, akamimina chai yake.

"Mama," aliniambia siku moja, maana huniita hivyo kwa kuwa nina jina la mama yake, "mtu mzima na akili zako unaivalisha chupa kuku."

"Chupa inasikia baridi, baba."

Alikunywa chai ile akitazama dirishani.

Mwaka juzi, katikati ya kiangazi, kiharusi kilimpiga. Mdomo ulirudi, mguu ukarudi kiasi cha kutembea kwa fimbo, ila mkono wa kulia uligoma. Nilimchukua akae kwangu awe karibu na hospitali, kaka yangu akabaki na shamba. Mkono wenyewe baba aliuvumilia kuliko nilivyotarajia. Kilichomshinda ni kula mbele za watu.

Kwetu mtu anakula kwa mkono wa kulia. Wa kushoto una shughuli zake, na kila mtu anazijua. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alituchapa vidole vya kushoto tulipokuwa wadogo, na kabla yetu alimchapa baba vya kwake. Sasa baba amebakiwa na huo huo mmoja. Nilimpa kijiko. Akakitazama kikiwa katika mkono wa kushoto, akakirudisha mezani. Habari ya kulishwa aliikataa kabla sijamaliza kuitamka. Basi kila chakula kilipoiva alikuwa akija, anachukua sahani yake kwa mkono wake mzima, fimbo ameibana kwapani, anaingia chumbani na kufunga mlango.

Mlango ule uliniuma. Baba yangu ni mtu ambaye hakuwahi kula bila kumwita mpita njia, sasa anakula kwa kujificha kana kwamba ameiba. Wajukuu walikuwa wameshazoea, na kule kuzoea kwao kuliniuma zaidi. Nilijiapiza kwamba Krismasi ikifika baba atakula mezani na sisi. Namna ya kulifanya sikuijua, lakini mimi huanza kazi nyingi hivyo, nashika uzi kwanza na sura inakuja baadaye.

Mapema mwezi wa Desemba nilianza kufuma mapambo ya sebuleni. Mwaka ule nilitaka majani ya mwembe, kwa sababu mji wetu bila miembe ile ya njia ya zamani ya misafara haueleweki. Nilifuma majani marefu ya kijani, na mengine ya rangi ile ya wekundu wa machipukizi, kisha nikayatunga kwenye uzi kama shanga. Yakakusanyana, yakalaliana, yakawa fungu la matembele. Baba alikuwa kwenye kochi lake, ananitazama.

"Hayo yataoza," alisema.

"Ni uzi, baba."

"Jani ni jani. Hilo halipumui. Niletee fito."

Nikamletea. Aliupandisha mkono wa kulia kwa kutumia wa kushoto, akaulaza juu ya ncha ya fito ili uikandamize. Uzi akaubana kwa meno. Kisha akaanza kufunga majani mawili mawili, moja linaangukia huku, jingine kule, kwa nafasi, vile vile tumbaku inavyofungwa kwenye vijiti kabla ya kuingia bani. Ilikwenda polepole mno. Sikumsaidia, jambo ambalo kwangu si rahisi. Alipomaliza fito ya kwanza niliining'iniza, na kila jani likacheza peke yake katika upepo wa dirishani. Ilikuwa nzuri kuliko yangu, na mimi huwa sisemi hivyo kwa mtu yeyote.

Tangu siku hiyo tukawa karakana. Mimi nafuma, yeye anafunga, na ananigombeza kwamba majani yanaisha. Aliniuliza kwa nini maembe yangu yana kope. Nikamwambia yanaona haya kwa sababu ya kuliwa. Akaguna. Lakini sufuria ikiepuliwa tu, aliinuka, sahani, mlango.

Siku moja mchana nilikuwa nikijaribu punda wa mkononi. Nilimfuma kwa ajili ya mchezo wa watoto kanisani. Unaingiza mkono ndani yake, vidole vinne vinakuwa taya la juu, gumba taya la chini. Nilimvaa mkono wa kulia nikawa napima kama mdomo unafunga vizuri. Mezani palikuwa na karanga za kuchemsha. Bila kufikiri nikachukua moja kwa mkono wa kushoto, nikaimenya kwa meno na kuila.

"Mkono gani huo?" aliuliza baba, kwa sauti ile ile ya utoto wangu.

Nikamgeuza punda amtazame. "Wa kulia una mgeni, baba."

Pembe ya mdomo wake ilipanda. Niliiona, siwezi kudanganywa. Halafu macho yake yakashuka kwenye mkono wake uliolala pajani, uso ukazima. Alichukua fimbo akaenda chumbani, ingawa haukuwa wakati wa kula. Nilibaki pale na punda wangu, nina huzuni kabisa. Nikachukua karanga nyingine, tena kwa kushoto, maana punda alikuwa bado mkononi. Nilipoitafuna ile ya pili huzuni ilikuwa imekwisha, kwa kuwa nilishajua la kufanya.

Nikaacha nyota na malaika walioagizwa na watu, wakasubiri. Nilifuma wanyama wa mkononi kwa kila atakayekaa mezani kwangu siku ya Krismasi, na nilifuma kwa kumtazama mtu. Mume wangu nilimfumia mamba, kwa jinsi anavyoshambulia nyama. Binti yangu mkubwa, ambaye siku hizi habanduki kwenye kioo, alipata twiga. Mdogo alipata nyuki. Mimi nilijichukulia kondoo, na aliyecheka alicheka. Shangazi ndiye niliyempa punda, kwa kuwa punda alikuwa ameshakamilika, na nisisingiziwe maana nyingine.

Hatari ilikuwa huyo huyo shangazi. Alifika asubuhi ya Krismasi kwa bodaboda, kitenge kipya, kutoka kanisani moja kwa moja. Nilimpigia goti, shikamoo shangazi, marahaba mwanangu, nikamvuta jikoni nikamweleza yote. Alinisikiliza huku akichambua uyoga.

"Unataka nile kwa mkono wa kushoto," alisema, "siku ya Krismasi, mbele ya watoto niliowafundisha adabu."

"Ndiyo, shangazi."

"Na mkono wa kulia nivae punda."

"Ndiyo, shangazi."

Alitazama upande wa ule mlango uliofungwa. Nilijua alikuwa akifikiria vile vidole vidogo vya mdogo wake alivyovichapa zamani. Akajifuta mikono kwenye kanga ya jikoni.

"Lete huyo punda."

Chakula kilikuwa kuku wa kienyeji, uyoga, ugali, na mlenda, ambao baba anaupenda kuliko vyote na ambao niliuweka kwa makusudi. Sikumpakulia sahani ya chumbani. Tulikaa chini ya fito za majani, tukavaa wanyama wetu, tukanawa mikono ya kushoto, tukaanza. Asiyewahi kukata ugali kwa mkono usiozoea, akaufinya, akaubonyeza gumba katikati na kuchotea mlenda, asitucheke. Tonge la mume wangu lilianguka kabla ya kufika kidevuni. Mlenda ulivuta nyuzi kutoka bakuli mpaka kwenye kitambaa changu cheupe cha meza. Watoto walicheka mpaka wakashindwa kutafuna.

Mlango ukafunguliwa. Baba alisimama pale na fimbo yake, amekuja kuulizia sahani. Akamwona mamba, akamwona twiga, akamwona dada yake mkubwa akipambana na tonge kwa mkono wa kushoto huku punda akiwa ameinamia uyoga. Kicheko kikatukauka. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi ile niliogopa. Baba si mtoto, na hakuna aliyehitaji kumweleza kilichokuwa kikiendelea.

"Mnanifanyia mimi haya," alisema.

"Sisi tunakula," alijibu shangazi bila kugeuka. "Kama umeshiba, kalale."

 Kisha akaja, akavuta kiti, akaketi. Akaitazama mikono yetu, mmoja baada ya mwingine, halafu akanitazama mimi.

"Na wangu yuko wapi?"

Sikuwa naye. Mimi, fundi ninayejisifu mji mzima, nilimfumia kila mtu nikamsahau aliyekuwa sababu. Niliona mkono wake tayari una udhuru, hauhitaji kitu. Yeye hakutaka udhuru wake peke yake. Alitaka wetu. 

Shangazi aliinuka. Alimwendea kuku wangu pale juu ya kabati, akamvua kutoka kwenye chupa ya chai, akarudi naye. Akaushika ule mkono wa baba, ambao tangu kiangazi ulikuwa umeguswa na mimi na manesi tu, akauingiza ndani ya kuku taratibu, kidole kwa kidole, namna ya kumvalisha mtoto shati. Kuku alikuwa mkubwa, akafika mpaka kwenye kiwiko. Baba alipandisha bega, na kuku akaitikia kwa kichwa.

Halafu akala. Nyuma ya ule mlango alikuwa amejizoeza miezi yote hiyo bila sisi kujua. Alikata ugali kwa kushoto, akaufinya, akabonyeza gumba, akachota mlenda, akaukata uzi wake kwa kuzungusha kidole, na hakuna hata tone lililoanguka. Binti yangu mdogo alimkodolea macho.

"Babu, umefanyaje?"

"Legeza gumba. Usiuogope mkono wako."

Akatufundisha mezani pale, mmoja mmoja. Dada yake ndiye aliyekuwa mwanafunzi mbaya kupita wote. "Dada, unamwaga," alimwambia, mara nyingi kuliko ilivyolazimu, na kwa raha ambayo nadhani aliingojea tangu utotoni. Mimi nililia, na sikusingizia pilipili.

Hakufunga tena ule mlango wakati wa kula. Mvua ilipotulia alisema anarudi kwake, tumbaku haikauki kwa kusimuliwa. Nilipokuwa nikimfungia mzigo nilimkuta kuku ndani ya begi, chini ya koti. Nikamuuliza kama amekosea.

"Nina chupa ya chai kule," alisema. "Nayo inasikia baridi."

Wakati wa kuvuna nilimfuata Goweko. Nilifika mchana, wanaume waliokuja kusaidia kujaza bani walikuwa wamekaa kulizunguka sinia la ugali mbele ya nyumba, baba akiwa katikati yao kwenye kigoda. Kuku sikumwona. Nilimwona baadaye ndani, yuko kazini juu ya chupa. Mkono wa kulia wa baba ulikuwa pajani, mtupu, mbele ya watu wote, na wa kushoto ulikuwa kwenye sinia. Wenyeji walikuwa wanakula na kuongea yao. Kibarua mmoja mgeni, kijana kutoka Urambo, aliutazama ule mkono wa kushoto, akaacha kutafuna.

Baba hakuinua hata kichwa.

"Wa kulia una mgeni," alimwambia, akamsogezea bakuli la mlenda. "Kula, kijana wangu."