Trekta la Kuchaguliwa Edani

Eda yangu ilikuwa imeingia mwezi wa tatu shemeji alipokuja kuniuliza tununue trekta gani. Alikaa barazani, mimi nikakaa ukumbini nyuma ya pazia, na mama mkwe akakaa mlangoni katikati yetu. Ndiye aliyekuwa akiichukua simu ya shemeji na kunipitishia nitazame picha. Nilizitazama kama mtu anavyotazama nguo za jirani zilizoanikwa.

Picha zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kitrekta kifupi cha kukatia majani, kama kile ambacho wenye bustani kubwa mjini hukiendesha wamekaa. Ya pili ilikuwa ya trekta dogo lenye nguvu, la kulima na kuvuta tela. Mimi na marehemu mume wangu tulikuwa tumebishana juu ya mashine hizo tangu msimu uliopita. Yeye alitaka la kulima. Mimi nilitaka kile kifupi, kwa kuwa mikorosho yetu ya Miteja matawi yake yanakaribia kugusa ardhi, na trekta la kulima haliwezi kupita chini yake mpaka uyakate. Tawi linalozaa likikatwa mimi siwezi kutazama. Yeye alikuwa mbishi, na mimi si haba.

Sasa mbishi mwenzangu hayupo. Nilikuwa nimeshinda, na ushindi wenyewe sikuusikia popote mwilini.

"Shemeji, nimetoka shamba," alisema kutoka barazani. "Majani yamefika kiunoni. Korosho zikianza kudondoka humo, hatuokoti kitu. Na watu wameshaanza kuniuliza kama utalikodisha."

"Umewajibuje?"

"Nimewaambia mwenyewe yupo. Sasa wewe sema tu, mimi kesho naenda Lindi."

Nilijua kwamba hapo nilipaswa kuogopa. Shamba likishakodishwa mwaka mmoja, kulirudisha mkononi ni kazi, nami sina jingine. Nikaisubiri hofu, haikuja.

"Chukua la kulima," nikasema.

Mama mkwe akageuka. "Si ndilo ulilokuwa unalikataa?"

"Lina kazi nyingi. Litalima mahindi, litabeba magunia mpaka Nangurukuru. Hicho kingine kitakata majani, halafu kikae."

Yalikuwa maneno ya mume wangu, nimeyatoa yote kama alivyokuwa akiyasema, hata hilo "halafu kikae" la mwisho lililokuwa likiniudhi.

"Na matawi?" shemeji akauliza.

"Yakatwe."

Akasema limebaki jambo moja. Muuzaji anataka kipimo cha mguu wa dereva, ili kiti wakiweke sawa na pedali huko huko dukani.

"Wakisogeze nyuma kabisa," nikajibu haraka, nikiwa na uhakika kuliko siku zote zile. "Goti lake la kushoto halikunji vizuri, na klachi iko upande huo huo. Au muulize mwenyewe, asije akatulalamikia."

Nilisikia nilichokisema baada ya wao kukisikia. Shemeji akakohoa. Mama mkwe, ambaye goti lile la mwanawe alilikanda tangu likiwa la mtoto, alinyanyuka. Akaenda uani, akarudi na kipande cha kamba ya katani na kigoda.

"Kaa hapa," akaniambia. "Nyoosha mguu, mwanangu."

Nikaunyoosha. Akapiga magoti kwa taabu, akashika ncha ya kamba nyongani pangu, akaivuta mpaka kisiginoni, akafunga fundo. Akalifungua, akalifunga tena. Kisha akaipitisha kamba kwa shemeji.

"Mwambie muuzaji dereva ni mfupi," akasema.

Nikautazama mguu wangu. Ndipo nilipomkasirikia mume wangu kwa mara ya kwanza, hasira kweli kweli, kwa kuniachia majani, na matawi, na kiti cha kukaa peke yangu.

"Mimi sijui kuendesha!" nikapiga kelele. Najua walinisikia mpaka barabarani, na mwanamke wa edani hapaswi kusikika hivyo.

Kisha nikalia, kilio ambacho siku ya mazishi watu walikingoja kwangu wasikipate.