Chachu ya Mzee Mikidadi

Katika ukoo wao kila mtu alikuwa na maoni kuhusu bekari, lakini aliyewasha tanuri ni Batuli peke yake. Wadogo zake wa Dar es Salaam walipiga simu kila Idi kushauri habari ya mashine. Hakuna hata mmoja aliyewahi kupiga simu kuuliza nani anapasua kuni. Kwa miaka thelathini na mbili Batuli alikanda, akachoma, akauza na kununa, na kwa kununa hakuwa na mpinzani Kaloleni nzima.

Bekari ilianzishwa na babu yake, Mikidadi, aliyekuja Arusha kwa garimoshi kutoka Tanga akajenga tanuri la matofali nyuma ya nyumba. Hakutumia hamira ya dukani. Kila siku alibakiza donge la unga uliokandwa, likachachuka ndani ya chungu, kesho yake akalichanganya na unga mpya, kisha akabakiza tena. Alimwachia mwanawe Saadi, Saadi akamwachia Batuli. Kila aliyezaliwa nyumba ile alijua kwamba chungu kile hakiguswi, kama alivyojua kuvua viatu mlangoni. Kwa hiyo hakuna aliyewahi kulisema.

Maulida hakuzaliwa nyumba ile. Alikuwa na wiki tatu tu tangu aolewe na Luqman, mtoto wa pekee wa Batuli. Mama na mwana walipokwenda msibani Korogwe kwa siku mbili, bibi harusi alibaki peke yake, na akaamua kumwonyesha mkwewe kwamba kwao alifunzwa usafi. Alisugua masufuria, alisugua kuta, alisugua hata jiwe la mlangoni. Chungu alikisugua kwa majivu na sabuni mpaka kikanukia.

"Shikamoo mama," aliwapokea kwa furaha. "Kulikuwa na unga umeoza humu, nimeutupa."

Batuli aliketi juu ya gunia la ngano. Angetukana, lakini angemtukana nani? Binti alikuwa anangoja kusifiwa.

"Mama, si tununue hamira?" Luqman alisema.

"Nyamaza wewe! Umeoa wiki tatu, umeshindwa kumwambia mkeo neno moja?"

Lakini wateja hawakungoja, na ikabidi wakande kwa hamira. Mkate ulitoka mweupe, umevimba, hauna ladha. Mzee mmoja aliyenunua kwao tangu enzi za Saadi alirudi na kipande mkononi. "Batuli, mwanangu, leo mmenunua mkate wapi?"

Hapo ndipo moyo ulipomuuma kweli. Duniani palikuwa na mahali pamoja tu penye chachu ile, na alikuwa radhi ameze kaa la moto kuliko kwenda huko. Katika mtaa wa Kwa Mrombo kulikuwa na bekari ya Namnyaki, Mwarusha aliyekanda nao tangu usichana wake, akaondoka Saadi alipofariki. Mkate wake ulikuwa na ladha ileile, na Batuli alikuwa amewatangazia watu kwa miaka kumi na moja kwamba mwanamke yule ni mwizi.

Alikwenda asubuhi, Maulida nyuma yake amebeba chungu. Foleni ya wateja ilikuwa imefika barabarani.

"Karibu, Mama Luqman," Namnyaki alisema. "Leo umepotea?"

"Sijapotea. Chachu yetu imekufa. Nimekuja kuchukua."

"Ile niliyoiba?"

"Hiyohiyo."

Namnyaki alifuta mikono taratibu. "Alinipa mzee Saadi mwenyewe, wiki aliyolazwa. Alisema, 'Batuli anapenda kufungia vitu. Kaa na donge hili, siku moja atalihitaji.'"

Batuli alimjua baba yake, na maneno yale yalikuwa yake kabisa. Alimkasirikia papo hapo, marehemu yule aliyekwenda zake bila kusema, na sasa hata kubishana naye haiwezekani.

"Mbona hukuniambia miaka yote hii?"

"Hukuniuliza. Ulinitangaza." Namnyaki aliweka donge mezani, bichi, linanukia uchachu wa nyumbani, akalifunika kwa kiganja. "Basi tangaza tena."

Batuli alifyonya. Aliangalia foleni, akaangalia chungu kitupu mikononi mwa Maulida, akashika kiuno.

"Jamani!" alifoka, kama anayeanzisha ugomvi. "Huyu Namnyaki hakuiba! Alipewa na baba yangu! Mimi ndiye niliyesema uongo! Haya, mmesikia?"

"Wa nyuma hawajasikia," Namnyaki alisema.

Batuli alirudia. Safari ya pili sauti ilimkatika katikati, akamalizia kwa kunong'ona, na bado wote walimsikia. Namnyaki aliinua kiganja.

Batuli alilitia donge chunguni kwa mikono yake, akamrudishia Maulida, ambaye alikuwa akitokwa machozi.

"Shika wewe," alisema. "Na tukifika, usikioshe."