Rozari Kilimani

Daktari alimwambia Domitila Arreguín wazi: atembee kila siku, la sivyo sukari itamla mguu. Wa kushoto ulikuwa umeshaanza kufa ganzi. Aliukanyaga kama wa mtu mwingine.

Basi kila asubuhi, kabla ya kwenda kufua mashuka hotelini, alipanda kilima cha hifadhi kilicho nyuma ya mtaa wao, hapo Los Angeles. Alifuatana na komadre wake Ofelia, aliyemsimamia binti yake ubatizo. Hawakutazama saa. Walipima safari kwa matendo matano ya rozari: tendo la kwanza mpaka kwenye mti wa mwaloni, la tano mpaka tangi la maji. Ofelia alikuwa na karatasi za kuishi nchini. Domitila hakuwa nazo, na huo ulikuwa mwaka wake wa ishirini na mbili nchini humo.

Ijumaa moja walikuwa kwenye tendo la tatu, Ofelia akimtania kwamba anasali mbiombio ili mlima uishe. Wakakata kona. Gari limeegeshwa, na kando yake mwanamume mwenye sare ya kijani na kofia pana.

Kijani kile cha askari wa uhamiaji Domitila alikijua tangu mpakani. Aliacha njia, akateremka korongoni, kiatu kikamtoka, akajikunyata vichakani. Nani atamchukua mtoto shuleni saa tisa? Midomo ilianza Salamu Maria, ikapotea katikati.

Huko juu alimsikia Ofelia akisema yuko peke yake.

"Mbona nimeona wawili?" Mtu yule alisema kwa Kihispania cha kwao kabisa. Kisha akainamia korongo. "Mama, mimi natunza msitu tu, sikamati mtu. Ila humo kuna puma, simba wa milimani, tangu jana. Usikimbie. Panda polepole, uniangalie mimi."

Domitila aliganda. Na kama ni mtego? Lakini nyuma yake majani yalikuwa yametulia mno. Akakaza macho kwenye sare ile, akapanda kwa magoti.

Mtunza msitu akarudi nyuma hatua tatu, ampe nafasi. Ofelia ndiye aliyeona unyayo unaochuruzika damu, mwiba umezama wote.

"Komadre, husikii maumivu?"

Hakusikia kitu. Hapo hofu ikamwingia upya, nyingine, ya baridi zaidi. Yule mtu aliuchomoa mwiba, akafunga kidonda, wala hakuuliza jina.

Kidonda kilipofunga, alirudi na viatu vizito. Sare ya kijani ilikuwa palepale, na moyo ukamruka vilevile. Akamshika Ofelia mkono.

"Tuliishia la tatu," alisema, akaanza la nne kwa sauti.