Mama Mkwe Alianika Vitabu Vyangu vya Katuni Pamoja na Dagaa

Admin, jina langu libaki kwako tu, maana siku hizi ukoo mzima wa mume wangu una simu. Mimi ni mama wa miaka 58, naishi Nyakato hapa Musoma, nina watoto wanne na wajukuu. Nitakachosema wengine mtacheka. Chekeni, nimeshazoea. Nakusanya vitabu vya katuni vya zamani, vile vya Kizungu vya mashujaa wanaoruka angani na joho mgongoni. Si vya wajukuu. Ni vyangu.

Vilinifikia nikiwa msichana Bunda, ile miaka ya shida, maduka yana rafu tupu na sisi tunafulia majani ya mpapai. Baba alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja mtaalamu wa pamba. Mzungu alipoondoka, alimwachia baba katoni nzima ya vitabu hivyo. Karatasi nayo ilikuwa adimu, hivyo muuza karanga mmoja akaja kuvitaka avitumie kufungia karanga zake, na mkononi ana mche mzima wa sabuni. Sabuni, ndugu zangu, wakati ule! Mama yangu alishanyoosha mkono. Nikalala juu ya katoni, nikasema sabuni hiyo ikipokelewa mimi sitaoga tena. Nilichapwa kweli kweli, lakini vitabu vilibaki.

Biashara huria iliporuhusiwa na mitumba ikaanza kuingia, wafungua marobota gulioni walinijua. Wakikuta kitabu cha katuni katikati ya nguo za watoto, wananiwekea. Kuvitunza nilijifunza mwenyewe: kila kimoja ndani ya karatasi safi, vyote vimelala kwenye sanduku la bati, sanduku juu ya matofali kwa sababu ya mchwa, na vipande vya mkaa ndani vinyonye unyevu. Kabla ya kuvigusa nanawa mikono.

Nikaolewa kijiji cha ziwani, tukakaa kwa mama mkwe. Alikuwa mjane anayeishi kwa dagaa, na sitadanganya, alinipokea vizuri. Mume wangu alifanya kazi kiwanda cha samaki, na siku moja akaja nyumbani na fundi wao Mzungu. Yule fundi alipoona sanduku langu alikaa chini sakafuni. Alivipitia kimoja kimoja, akinionyesha jinsi kwao wanavyovipa alama kati ya kumi: kona zimechakaa au la, mgongo una mikunjo, pini zina kutu, rangi imepauka. Vingi vilipata tano, sita. Kumi na kimoja vikapata tisa. Vya miaka mingi, vimetoka Bunda, vina tisa! Akaomba hivyo kumi na kimoja, atuletee friji. Nikakataa. Mume wangu alininunia wiki nzima, na aliyenitetea ni mama mkwe. Alimwambia mwanawe kila mtu ana vyake, aniache.

Haukupita mwezi nikaenda Bunda, nikalala huko. Niliporudi mchana nilipitia ufukweni, na pale mchangani, pembeni ya dagaa, nikaona vitabu vyangu. Vimefunguliwa katikati, kila kimoja kimekandamizwa na jiwe. Vilikaa juani tangu jana yake. Rangi zimepauka, karatasi zimejikunja, na vingine migongo ilikuwa imevunjwa ili jua lipenye vizuri. Kati ya vile kumi na kimoja, viwili tu alikuwa hajavifikia.

Mama mkwe alikuja anajifuta mikono, anatabasamu.

"Nimekuanikia, mkamwana. Vilikuwaga vinanuka unyevu humo sandukuni, nikasema vitaoza huku wewe haupo."

Nilimjibu mbele ya wanawake wote waliokuwa wanageuza dagaa. Nilimwambia akili yake imekauka kuliko hizo dagaa zake. Ndiyo, nilisema. Mkwe hamwambii mama mkwe hivyo, najua.

Wazee wa ukoo wakakaa kikao. Nikatozwa mbuzi, nikampeleka. Nikapiga magoti, nikaomba radhi kwa lile tusi, na kwa moyo kabisa. Lakini kwa ukoo wao msamaha haukamiliki mpaka aliyekosewa ale nyama ya mbuzi huyo, na mama mkwe alikataa kuila. Alisema tusi amelisamehe, ila nitamke mbele yake kwamba nilithamini makaratasi kuliko yeye. Nikakataa. Tukahamia mjini, na miaka yote hii tunasalimiana, tunapeana zawadi, lakini nyama yangu hajaila.

Sasa amezeeka, hatembei, na tangu mwaka jana yuko kwangu. Namwogesha mimi. Nguo zake nafua mimi, na mawifi zangu wakija ni kukaa sebuleni na kunisema. Daktari ametuambia tusitegemee muda mrefu. Mume wangu ananibembeleza, anasema mke wangu, ni maneno tu, yaseme azikwe kwa amani. Wazee wametuma ujumbe kwamba nisipotamka, msibani sitaruhusiwa kushika hata chungu.

Jamani, mimi sikumthamini pungufu. Nilivipenda vitabu na nilimpenda yeye, na alivyoviharibu niliumia. Kwa nini niitwe mkosaji kwa kupenda kitu changu? Mwanaume akililia ng'ombe wake aliyekufa, nani anamwambia anampenda ng'ombe kuliko mama yake?

Kila asubuhi nikiingia chumbani kwake ananiuliza swali moja.

"Umeniletea neno langu?"

"Nimeleta uji, Mama."

Anakunywa. Anamaliza kikombe chote, ananishika mkono, na hauachii haraka.

Wale wa kuniambia niuze au nichome vitabu, okoeni bando lenu. Ninachowauliza ni hiki kimoja: niseme jambo ambalo si kweli ili mama aondoke ameridhika, au nimwache aende akijua mkamwana wake hakumdanganya hata siku ya mwisho? Nishaurini, ila fanyeni haraka, jana uji aliacha nusu.