Simu ya Mjomba Mikidadi

Mikidadi, fundi pikipiki wa Mwembesongo, alikuwa mwepesi wa ngumi. Waulize wateja waliothubutu kulalamika. Lakini kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye kauli, na wapwa zake wawili, Salehe na Stambuli, wana wa dada yake Raya, hawakuinua jembe kwenye shamba la migomba la bibi yao kule Mkuyuni bila ruhusa yake. Samaki mkunje angali mbichi, wanasema, na yeye aliwakunja kwa makofi mpaka wakaota ndevu. Amri yake ilikuwa moja: "Lolote likitokea, nipigieni. Nisipopokea, amueni wenyewe." Alisema hivyo kwa majivuno tu, maana simu yake haikuwahi kuita mara mbili.

Mwaka huu alikwenda Mwanza kumwona binti yake Chausiku, naye akamkatia tiketi ya ndege ya kurudi Dar. Ndege ilikuwa imeshaanza kutembea uwanjani Raya alipopiga.

"Kaka, wapwa zako wameshikiana mapanga mpakani mwa shamba! Salehe kaapa leo mtu atazikwa!"

"Mpe simu!" Mikidadi akafoka.

Mhudumu, binti mpole aitwaye Winfrida, akamwomba azime. Akamwomba tena. Angemweleza tu kwamba kuna ndugu wanataka kuuana, huenda angesikilizwa, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Lakini Mikidadi hakuzoea kueleza. Kijana wa kiti cha jirani alipoinyakua simu akipiga kelele, "Mzee, zima, utatuua!", Mikidadi alimtwanga kichwa cha pua. Damu ikaruka mpaka dirishani. Wanaume watatu wakamvamia. Mmoja alimng'ata kidole nusura akitoe. Wengine wakamponda mbavu, wakamlaza kifudifudi kati ya viti. Simu ilikuwa imeangukia chini ya kiti, karibu kabisa na vidole vyake, ikiita. Ikanyamaza. Ikaita tena, na tena. Mtu akaiokota, akaizima.

Ndege ikarudishwa. Polisi walimshusha na pingu, jicho limevimba na kuziba. Saa nane mchana, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alisema "tafadhali", nao wakamwashia simu yake.

Akampigia Raya. Aliyepokea ni Stambuli, akihema.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mpe simu Salehe."

"Tulikupigia mara tatu, mjomba. Mama alituomba tukungoje. Salehe akatupa panga lake chini, akasema sawa, mjomba ndiye atakayesema." Nyuma yake Raya alikuwa akilia kwa sauti. "Tukangoja. Hukupokea. Basi nikaamua."